Maharagwe Niliyokupikia Kabla Hujaenda Embu

Mwanangu Gatwiri,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Yako naijua, maana umetoka hapa muda si mrefu ukiimba, mkungu wa ndizi unaompelekea nyanya yako ukiwa begani, na hukugeuka kuangalia nyuma. Yangu unaijua kunishinda, kwa sababu kile kimashine cha kupima sukari unakisoma wewe kabla mimi sijapata miwani. Basi hayo tuyaruke.

Niko jikoni. Nimekaa kwenye ile stuli niliyoivalisha masalio ya ngozi ya kochi, karatasi iko gotini, sufuria ya maharagwe iko motoni. Sababu unaijua. Asubuhi tulipokuwa tunakunywa chai, begi lako likiwa limefungwa tayari pale mlangoni, ulisema huendi. Nikadhani ni mzaha wako wa kawaida.

"Baba, mimi kesho nitaenda Embu nikiona umepika chakula moja tu, ya kweli, wewe mwenyewe. Sio chai, sio mayai. Nikikula nione ni chakula, naenda. La sivyo wacha hiyo chuo ikae."

Nikakuuliza, "Sasa mtihani ni wako ama ni wangu?"

"Ni wako. Mimi nilimaliza wangu Form Four."

Ningecheka, lakini niliona wewe huchezi. Na mimi najua hesabu ya jambo hili hata kama hatujawahi kuisema kwa sauti. Nafasi hii ya kusomea umeme ilikupita mwaka jana kwa sababu yangu. Ikikupita tena, sidhani kuna mtu atakuita mara ya tatu, na utabaki hapa ukinipimia sukari mpaka nywele zako ziwe nyeupe kama zangu. Nimeogopa mambo mengi maishani, lakini hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Nakuandikia kwa sababu nikiongea na wewe mimi nakimbilia utani. Ukiniuliza swali zito nakujibu kwa kichekesho, wewe unacheka, na swali linabaki palepale. Karatasi haicheki.

Sitakuandikia habari za kufunga mlango na kuficha simu. Chumba chako kule Embu, mtaa wa Dallas, tulikiona pamoja, kufuli ni nzuri, na yule msichana utakayeishi naye anaonekana ana akili kutuzidi sisi wawili. Mambo ya wavulana utaongea na shangazi yako, mimi nikianza nitagugumiza bure. Nataka kukuandikia mambo ya sufuria, ingawa najua unavyoshangaa. Fundi wa makochi anayemfundisha mtu mapishi! Lakini nyumba hii imeumia kupitia sufuria, na ikapona kidogo kupitia hiyo hiyo, na mimi ndiye niliyekuwepo mwanzo hadi mwisho.

Mama yako alipofariki ulikuwa darasa la sita. Unakumbuka lile tuta lake nyuma ya jikoni: rosmari, mchaichai, dania, na ule mnanaa uliokuwa ukitoroka kila upande. Kila jioni alitoka na kisu na kurudi na majani ya kujaa kiganja. Sikuwahi kumuuliza anayatia wapi. Nilikuwa nakula tu, kama mtu anayepanda gari bila kuuliza dereva ni nani.

Baada ya mazishi, upepo wa jioni ulikuwa unaleta ile harufu hadi kitandani. Siku moja nikashindwa. Nikachukua jembe nikang'oa kila kitu, nikapanda nyasi za ng'ombe. Majirani niliwaambia ng'ombe wanahitaji malisho, na wakati ule, Gatwiri, hatukuwa hata na kuku. Wewe ulisimama mlangoni na yunifomu ya shule. Nilikuja kujua baadaye sana kwamba uliokota kijiti cha rosmari kwenye lile rundo na kukichomeka kwenye beseni lililopasuka, ukalificha nyuma ya tangi la maji nisilione.

Nilidhani uchungu unaondolewa kwa kuondoa vitu. Nikaondoa majani, nikaondoa nguo zake, nikaondoa hata kile kiti alichokuwa akichagulia mchele, nikakipeleka karakana nikakigeuza kuwa kitu kingine. Uchungu haukupungua hata kidogo, ila sasa ulikuwa hauna mahali pa kukaa, ukawa unazunguka nyumba nzima.

Chakula chetu miaka ile unakijua. Ugali na sukuma, sukuma na ugali, na wewe ndiye uliyekuwa ukipika huku umesimama juu ya kreti ya soda. Mimi nilikuwa nashiba kule kazini, mtaa wa Majengo, kabla ya kurudi. Asubuhi chai ya maziwa na mandazi kwa Mama Zuhura karibu na karakana, mchana chapati na maharagwe ya madondo, jioni chai nyingine, na ile sukari niliyokuwa nakoroga hadi kijiko kinasimama. Watu walidhani napenda kula. Ukweli ni kwamba nilikuwa sitaki kufika nyumbani na njaa, kwa sababu njaa ingenionyesha ni nani hayuko jikoni.

Ugonjwa ulipokuja ulinikuta nimejiandaa vizuri hivyo. Ulikuwa Form Three. Nikaanza kunywa maji kama ng'ombe, kuamka kila saa kwenda haja, na kukonda mpaka suruali ikahitaji kamba. Kliniki wakaniambia ni sukari, wakanipa dawa na maneno mengi. Dawa nilizileta nyumbani, maneno nikayasikia nusu.

Unakumbuka nilivyoingia siku ile? Kama askari wa kufanya msako. Sukari nje, unga mweupe nje, mafuta nje, chumvi nikaificha juu ya kabati. Nikatangaza kwamba kuanzia leo nyumba hii inakula majani na maji. Nilijikaza kisabuni siku chache tu. Kisha nikanunua mkate mzima, nikaula mkavu nyuma ya kochi la mteja, nimechuchumaa, fundi mzima mwenye wafanyakazi wawili. Nikarudi nyumbani na makombo kwenye sweta. Wewe ukayapangusa kwa mkono, polepole, hukunigombeza.

"Baba," ukasema, "hii mambo ya kutoa itakushinda. Wacha mimi nikuongezee tu."

Sikuelewa. Nilidhani ni maneno ya kitoto. Nawe ukaanza kazi yako kimyakimya.

Kwanza ilikuwa terere, ule mchicha wetu wa huku. Maharagwe yakija mezani yana kijani ndani, imekatwa ndogo kiasi kwamba hata ningetaka kuitenga nisingeweza. Halafu kijiti cha rosmari kikaanza kuchemka na maharagwe, unakitoa kabla ya kupakua, na mimi nikasahau kuomba chumvi. Nduma ya kuchemsha ikaja kando ya chai asubuhi, moto, umeikamulia ndimu, na mkate ukawa unabaki mpaka unaota ukungu. Chapati zikaanza kuwa na rangi. Nikakuuliza kama siku hizi tunazianika juani, ukasema ni unga wa wimbi kidogo tu, na kila wiki hilo "kidogo" likawa linaongezeka. Chai ukaitia mchaichai. Kijiko changu cha sukari kikapotea, na kilichochukua nafasi yake kilikuwa cha kumpa mtoto dawa. Mboga ya managu ulinipikia na maziwa siku ile nilipokataa uchungu wake, na sasa nikikosa managu kwa siku nyingi naona kama kuna kitu nimesahau kufanya.

Hukuniambia niache kitu hata kimoja. Nilipokuja kushtuka, sahani ilikuwa imejaa vitu vingine, na vile vya zamani vimekosa nafasi. Hilo ndilo somo kubwa nililopata ukubwani, na nilifundishwa na mtu aliyekuwa akivaa soksi za shule. Ukifika Embu ukakuta maisha yamekaa vibaya, usianze kwa kung'oa. Mimi niling'oa na unajua tulipofika.

Wacha nichungulie sufuria.

Inachemka vizuri. Nimeweka rosmari. Nimejisifu kidogo.

Nataka niandike jambo lingine wazi, kwa sababu utakuta watu wa kuuza dawa za majani kwenye chupa kila soko, Embu kama Meru. Majani hayakuniponya. Sukari yangu ipo, na itazikwa na mimi. Dawa nameza. Lakini yale majani yalinifanya nitake kurudi nyumbani jioni, na mtu anayetaka kurudi nyumbani anameza dawa zake. Ninavyoelewa mimi, kazi yao iliishia hapo, na ilitosha.

Sasa ile safari ya mahari. Tumeifanya kuwa hadithi ya kuchekesha wageni, na mimi ndiye niliyeanza, lakini leo sitaki kuichekesha.

Binamu yako Mwenda alipopata mchumba upande wa Embu, wazee walinichagua niwe msemaji kwa kuwa baba yake hayupo. Tukaambiwa mapema kwamba boma lile lina desturi yake: kibuyu cha uji wa wimbi kinaletwa kwanza, na msemaji wa wageni anakunywa mbele ya watu wote. Akikirudisha hajanywa, mazungumzo hayaanzi. Na uji wa heshima, kila mtu anajua, unatiwa sukari mpaka wenye nyumba wasionekane wachoyo. Wewe uliniambia nichukue kikombe kidogo, nionje, nieleze kwamba mimi ni mgonjwa. "Wataelewa, Baba. Kila boma iko na mtu wa sukari siku hizi."

Lakini mimi nisimame mbele ya wakwe, nimevaa koti na kofia, niseme mimi ni mgonjwa? Niliona hiyo ni kumtia Mwenda aibu. Nikapiga hesabu zangu za fundi. Asubuhi ile sikula kitu, nikijifanya nimeharakisha, ili niachie uji nafasi. Na dawa nikameza mara mbili ya ile ya kawaida, ili ziusubiri uji huko tumboni. Nilijiona mjanja sana. Sikukuambia.

Nilichosahau ni lango. Wanawake wa boma walifunga njia, wakaimba, nasi tukajibu kwa nyimbo, wakatukataa, tukaanza upya. Jua likapanda. Wenzangu walikuwa wanafurahia, ndiyo raha ya siku kama ile, na mimi jasho linanitoka baridi, mikono inatetemeka, maneno ya msemaji yamenitoka yote kichwani. Nakumbuka nikimwangalia mama mmoja aliyekuwa akiimba mbele yangu na nisijue mimi ni nani kwake. Kisha nikaanguka juu ya bati lililokuwa limeegemezwa ua, likanifungua kisigino kupita kiatu.

Ni yeye yule mama aliyekimbia na kibuyu. Alikuwa na mume mwenye sukari, akajua anachokiona. Wakaninywesha ule uji niliouogopa wiki nzima, nikiwa chini, kofia imeangukia huko, na ndio ulionirudisha. Mahari yalizungumzwa bila mimi. Kule hospitalini muuguzi alisikiliza hesabu zangu zote hadi mwisho, akatikisa kichwa.

"Mzee, dawa ukimeza lazima ukule. Uji haikuwa adui yako. Ulikuwa unaficha nini?"

Nilijiona naficha ugonjwa, kumbe nilikuwa naficha hofu ya kuonekana dhaifu na watu ambao, baada ya saa moja, walinibeba miguu juu.

Kidonda cha kisigino kilikataa kufunga. Mvua zikaja zikaisha, na wewe kila asubuhi unapiga magoti na beseni na bandeji, na barua ya chuo iko chini ya redio. Majirani walileta majani ya kuponda na kubandika, nami nilikuwa tayari, mtu aliyechoka anakubali lolote. Ulimfukuza kila mmoja kwa adabu. "Majani ni ya sufuria, Baba. Kidonda ni ya kliniki." Siku ya kuripoti chuoni ilifika. Nilikuambia uende, nikasema nitajifunga bandeji mwenyewe. Ukaniambia nikunje mguu nishike kisigino changu. Sikukifikia. Ukaenda kuchemsha maji.

Gatwiri, baba hapaswi kuangalia jambo kama lile na kubaki amekaa. Nilibaki nimekaa. Sikuwa na la kufanya. Nilitamani mama yako awepo anigombeze. Kidonda kilikuja kufunga, lakini nafasi yako ilikuwa imekwenda.

Subiri. Nasikia harufu.

Yameungua. Yameungua nikikuandikia! Maji yameisha yote, chini ni makaa, na sufuria ya mama yako ile nzito imeshika rangi ambayo sijui kama itatoka. Nimefungua mlango na dirisha. Paka ametoka nje kwa hiari yake.

Nimekaa tena. Nimecheka kidogo, halafu sikucheka tena. Jua limeanza kushuka, maharagwe mengine hayataiva kabla hujarudi, na wewe si mtu wa kubembelezwa. Nitakuambia nilichofanya, kwa sababu nimekwisha choka kuficha. Nimempigia simu Mama Zuhura. Nikamweleza shida yangu, akacheka mpaka akakohoa.

"Si nikupakulie yangu nikutumie na boda? Umwage kwa sufuria yako, uweke majani juu. Atajuaje?"

"Atajua pilipili yako."

"Basi nitakupakulia isiyo na pilipili. Mtoto aende shule, bwana!"

Nilikubali. Nilikata simu nimekubali, nikakaa hapa nikaanza kupanga nitakavyosimama, kijiko mkononi, uso wa mtu aliyefanya kazi. Kisha nikaiona picha nzima. Utakula, utasema, "Eh, Baba!" Utaenda Embu ukiwa umeamini ninaweza, kumbe siwezi. Siku utakayojua, utafunga begi urudi, na utakuwa na haki. Na tena ni ile ile hesabu yangu ya uji. Nikampigia tena nikamwambia aache. Akaniita kichwa ngumu, akakata.

Basi wacha nikupe yote. Namba za sukari za wiki hii unazijua, zimepanda, na sio kwa sababu ya chakula chako. Ni kwa sababu unaenda. Nimekuwa nikilala vibaya. Jana karakana nilikula mandazi, mawili, na sikujificha, nikayala nimesimama barabarani kama ninayemkomoa mtu. Sijui ni nani nilikuwa namkomoa.

Sijui nitakuwaje bila wewe. Watu hutegemea baba aseme, "Nenda, usinijali, nitakuwa sawa." Nimelijaribu hilo neno mara nyingi mbele ya kioo na halitoki likanyooka. Nitajaribu. Shangazi yako atapita Jumapili. Kliniki sitakosa. Kula kabla ya dawa sitasahau, hilo nilijifunza mwenyewe nikiwa chini. Zaidi ya hapo siwezi kukuahidi kitu. Siwezi kukuahidi sukari, siwezi kukuahidi kwamba mguu wa pili hautapata kidonda, siwezi hata kukuahidi sufuria moja ya maharagwe.

Na kuna hili ambalo sijawahi kukuambia kwa sababu nilikuwa nafaidika nalo. Wewe huli. Unapika vizuri hivi, unanipakulia, unapima kwa macho, unaniangalia mpaka nimalize, halafu wewe unakwangua sufuria umesimama, simu mkononi. Asubuhi unakunywa chai tupu ukisema umechelewa. Mwaka mzima nimeona mifupa ya mabega yako ikichomoza, na nikanyamaza, kwa kuwa ningesema ungekaa kula, na ukikaa kula nani atanifunga bandeji? Unaona ninavyofikiri. Umeongezea kila sahani ya nyumba hii isipokuwa yako.

Kule Dallas hakutakuwa na mtu wa kumpakulia kwanza. Nimekuwa nikiliwazia hilo tangu wiki iliyopita, na ndilo linalonitia baridi kuliko mguu wangu. Nakuona ukirudi kutoka darasani umechoka, hakuna mgonjwa ndani, hivyo huoni sababu ya kuwasha jiko. Unanunua chipsi, au unalala hivyo hivyo. Na mimi niko Meru. Siwezi kukutilia terere kwenye maharagwe. Siwezi kukukamulia ndimu juu ya nduma. Nikitaka kukupigia magoti mbele na bakuli kama ulivyonipigia na beseni, siwezi, kuna barabara yote hiyo katikati, na hata ningekuwepo nisingejua kupika.

Kwa hiyo nakuomba, siyo kwa amri. Jiongezee kidogo kidogo, kama ulivyofanya kwangu. Dirisha la chumba kile linapata jua la asubuhi, dania haikatai kopo. Wimbi lichachushe Jumapili, uji unakaa siku kadhaa. Ukichemsha mayai tupia mchicha wowote wa mama wa kibandani. Ukishindwa hayo yote, kaa chini tu. Chochote unachokula, hata kama ni hizo chipsi, ukile umekaa. Mtu akikaa kula, amekubali kwamba naye ni mtu.

Na ukinipigia simu usianze na "namba ni ngapi leo." Niambie ulikula nini. Nitakuambia changu, hata kikiwa cha aibu.

Nimerudi sufuriani. Nimechota yale ya juu ambayo hayajashika moto, nikayahamishia kwenye ile ndogo. Nimechuma terere nyuma ya tangi nikaikata, vipande ni vikubwa, kisu kinanishinda. Nikaongeza rosmari ili harufu ya moshi isisikike, na nadhani nimeongeza sana. Halafu kitunguu saumu. Halafu nikasahau kama nimetia chumvi, nikatia. Nimeonja. Inaonekana nilikuwa nimetia.

Mwanangu, ni kibaya. Kina uchungu, kina moshi, kina chumvi, na kuna maharagwe humo ambayo bado ni magumu wakati mengine yameungua, sijui hilo linawezekanaje kwenye sufuria moja. Nimejaribu kwa kweli. Nimekitafuta chakula humo ndani, sijakiona.

Nimeweka sahani mbili mezani. Yako ina kiti, nimekivuta kabisa ili usipate sababu ya kusimama. Barua nitaiweka kando ya kijiko uisome kwanza. Nasikia sauti yako kule chini barabarani, unasalimia watu, na mimi bado nina aproni ya mama yako kiunoni, na mikono inanitetemeka, na safari hii siyo sukari, nimepima.

Umesema utaenda ukiona ni chakula. Siyo chakula. Nimeshindwa mtihani wako, na sina kingine cha kukupa.

Onja kidogo tu. Kama hakiliki, usikile.

Lakini kesho uende.

Baba yako